Na Kijiji Kikisema Hapana?

Nina ugomvi wa siku nyingi na neno kushirikishwa. Kwa sura si neno baya. Limo katika kila hotuba ya mgeni rasmi na kila taarifa ya mradi: wananchi walishirikishwa, wadau walishirikishwa, jamii imeshirikishwa kikamilifu. Hebu tulifungue kama tulivyofundishwa kufungua vitenzi darasani. Kuna shiriki. Kuna shirikisha, yaani mfanye mwingine ashiriki. Halafu kuna shirikishwa, yaani fanywa ushiriki. Mtu anayeshiriki ameinuka mwenyewe akaenda. Anayeshirikishwa ameinuliwa. Aliyemwinua hatajwi kwenye sentensi, ila yupo. Amekaa meza kuu, chupa ya maji mbele yake, na msaidizi wake anapitisha karatasi ya mahudhurio.

Wataalamu wa lugha wataniambia kwamba sarufi si maadili. Sawa. Lakini neno hili linatufanyia kazi moja ambayo hatuisemi: linahesabu watu waliokuwepo bila kueleza walisema nini. Kijiji kikiitwa kikakubali, kimeshirikishwa. Kikiitwa kikakataa, nacho kimeshirikishwa. Taarifa inatoka ile ile.

Ninaloliuliza leo ni hili. Mpango wa kulinda mahali fulani, ukikataliwa na watu wanaoishi mahali hapo, unaweza kuwa mpango mwema? Na kama unaweza, kule kukataa kwao kunabaki na uzito gani? Ni swali la kimaadili kabla halijawa la kisheria, na ninaliuliza nikiwa upande gani nitaeleza mbele kidogo, maana si upande mmoja.

Mimi ni mtu wa Mbinga, wa milimani, kwenye kahawa na ngoro. Lakini nusu ya ukoo wetu iko chini, ufukweni, kuanzia Liuli hadi Mbamba Bay, kwenye eneo ambalo tangu 2012 ni Wilaya ya Nyasa. Huku kwetu uhifadhi tunaujua kwa upande wa nchi kavu. Lipo Pori la Akiba Liparamba, lililoanzishwa mwaka 2000 kule kusini kuelekea mpaka wa Msumbiji. Ziwani hakuna. Ziwa letu bado ni la mwenye mtumbwi na mwenye ujasiri.

Ng'ambo si hivyo. Malawi wana hifadhi ya taifa ndani ya ziwa hili hili tangu 1980, na mwaka 1984 UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Ni ndogo, kama kilomita za mraba 94 tu: rasi ya Nankumba, visiwa kumi na viwili, na ukanda wa maji wa mita 100 kutoka ufukweni. Inalinda mbuna, wale samaki wadogo wa mawe wenye rangi za khanga za sikukuu, ambao aina zake nyingine huishi kwenye mwamba mmoja na hazipatikani popote pengine duniani. Nasi mbuna tunao. Ukisimama kwenye mawe ya Liuli siku maji yametulia utawaona wanagombania ukoga. Ndiyo maana mazungumzo ya hifadhi ya ziwa upande wetu hayanishangazi yanapoibuka, na siyachukulii kama ndoto.

Siku moja nilimuuliza mjomba wangu, mvuvi wa usipa.

"Shikamoo mjomba. Hivi wakisema mawe haya yawe hifadhi, utakubali?"

"Marahaba. Mawe yepi?"

"Haya yote. Mita mia kutoka ukingoni."

Akacheka. "Usipa simvui hapa, namvua kule kwenye kina, usiku, kwa taa. Mita mia wachukue. Ila mtumbwi wangu nitaupitisha wapi kurudi nyumbani?"

Nimelikumbuka jibu hilo kila niliposoma habari za Malawi. Ndani ya hifadhi ile vimebaki vijiji, Chembe ndicho kinachojulikana zaidi, na wavuvi wake huvua nje ya ile mita mia. Ungedhani mambo yamekaa sawa. Lakini ugomvi mwingi ukawa wa kuni. Vilima vilivyozunguka vijiji vilikuwa hifadhi, na samaki bila moto hakaushwi, wala ugali haupikwi. Anayepanda kilimani kutafuta kuni ni mwanamke. Kwa hiyo hifadhi iliyoanzishwa kwa ajili ya samaki ikaja kuwa, kwa mkazi wa kawaida, jambo la mama na mzigo wake wa kuni mbele ya askari. Ukiwauliza wavuvi peke yao kuhusu hifadhi ya samaki utadhani umeuliza watu wote wanaohusika.

Sasa, ikiwa tunataka kujua nasi tutaulizwaje siku hiyo ikifika, hatuna haja ya kubashiri. Wapo Watanzania waliokwisha kuulizwa. Mto Ruvuma unaoupa jina mkoa wetu unatoka milima ya Matogoro, pale Songea, unazunguka kusini mpaka mpakani, kisha unakwenda mashariki hadi Bahari ya Hindi; na pale unapoishia, Mtwara, kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Iliyoitangulia, na iliyo ya kwanza ya aina yake nchini, ni ya Mafia. Nitakaa Mafia, kwa sababu kisa chake ni kirefu na kimeandikwa, na kwa sababu hakiko vile watu wanavyokisimulia.

Kwa kawaida kinasimuliwa hivi: serikali na wahifadhi walitaka kulinda matumbawe, wavuvi wakapinga kwa sababu wanataka kuvua. Kumbe mwanzoni wavuvi wengi walikuwa upande wa hifadhi. Miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 wapiga baruti walikuwa wanaiharibu bahari ile, na wengi wao walitoka nje ya Mafia, Dar es Salaam hasa. Baruti moja inapolipuka matumbawe ya miaka mingi hugeuka kifusi. Wavuvi wa mshipi na dema walikuwa wanayaona kwa macho yao, wanalalamika, hawasikilizwi. Lilipokuja wazo la hifadhi wakaona wamepata mlinzi wa mlango. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Christine Walley, aliyeishi kisiwani Chole miaka ile, ameyaeleza haya katika kitabu chake Rough Waters cha mwaka 2004: watu walioiunga mkono hifadhi, na namna uungaji mkono huo ulivyochacha.

Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ikapitishwa 1994. Hifadhi ya Mafia ikatangazwa 1995, kilomita za mraba 822, zaidi ya nusu ya vijiji vya wilaya ile vikiwa ndani au pembezoni mwake. Mpango wa jumla wa usimamizi ukaidhinishwa mwaka 2000. Uligawa bahari mara tatu: eneo la kiini ambalo halivuliwi kabisa, eneo la matumizi maalumu ambalo huvuliwa na wakazi kwa masharti, na eneo la matumizi ya kawaida. Nyavu za kukokota zikabanwa. Kulikuwa na vibali, doria, ada za watalii, na mpango wa kubadilishana nyavu za matundu madogo kwa za matundu makubwa, uliosaidiwa na WWF. Kwenye karatasi, na ninasema hili bila kejeli, ni mpango wenye akili. Hata sheria yenyewe inavitaja vijiji kuwa washiriki katika kuuandaa. Ukiulinganisha na hifadhi za nchi kavu, ambako mtu alihamishwa na nyumba yake ikabaki magofu, huu ulikuwa wa kistaarabu.

Na bado Jibondo walikataa.

Jibondo ni kisiwa kidogo kusini ya kisiwa kikuu cha Mafia. Ni jiwe. Hakuna shamba la maana, na maji ya kunywa huletwa kwa chombo. Watu wake ni mabingwa wa bahari, waunda majahazi na wavuvi wa kizazi hadi kizazi, na wanawake wao huchokoa pweza kwenye mwamba maji yakipwa. Mpango uliposema kwamba wakazi wa hifadhi wapunguze kutegemea uvuvi na wajiongeze kwa shughuli mbadala, kijiji cha kisiwa kikuu chenye minazi na mihogo kilisikia agizo la kubana mkanda. Jibondo ilisikia agizo la kufa polepole. Maneno yalikuwa yale yale. Ikawa Jibondo ndiyo iliyojulikana kwa upinzani: kutotoa ushirikiano, kutotaka kukaa na maofisa, kuendelea kuvua.

Ninachotaka tukitazame ni jinsi kukataa kule kulivyopokewa, kwa sababu Mafia si ya pekee katika hili. Mwananchi wa Tanzania akikataa mpango, huwa kuna maelezo mawili tayari mfukoni mwa ofisa. La kwanza: wananchi hawana uelewa, elimu zaidi itolewe. La pili: kuna wachache wanaowachochea. Nimesikia maneno haya Mbinga kwenye mambo madogo kabisa, ya choo cha soko na ya kuhamisha stendi, kwa hiyo siwezi kuyalaumu mambo ya bahari peke yake. Yachunguze maelezo hayo mawili. Anayekubali ameelewa. Anayekataa hajaelewa, au ameeleweshwa na mchochezi. Huo ni mtihani wenye jibu moja. Mwanafunzi anayefeli harudi nyumbani, anarudishiwa karatasi, mpaka apate.

Mtu wa Jibondo hakuwa amekosa elimu kuhusu bahari. Hapana yake ilikuwa na taarifa ndani yake, taarifa ambayo mpango haukuwa nayo: kwamba mzigo mliougawa sawasawa haulingani uzito, kwa sababu migongo hailingani. Angeweza kuisema kwa lugha ya warsha, kwa kipeperushi na mchoro, lakini hakuwa na lugha hiyo. Alikuwa na hapana. Na taratibu za ushirikishwaji zina safu ya maoni, safu ya mapendekezo, safu ya changamoto. Safu ya hapana hazina. Basi hapana ile ikaandikwa kwenye changamoto.

Hapo ndipo nilipo upande wa kwanza. Sasa niende upande wa pili, maana nisipokwenda mwenyewe kuna msomaji wa Kigamboni mwenye shahada ya mazingira ataniburuta.

Kijiji kinaweza kukosea, tena vibaya. Ziwa Malombe, ambalo mto Shire hulipitia ukishatoka Nyasa, lilikuwa na chambo wa kusifika. Nyavu za matundu madogo zikawamaliza katika miaka michache, na waliozivuta walikuwa wavuvi wa hapo hapo, wenye watoto hapo hapo. Hakukuwa na mzungu wala mgeni wa kumsingizia. Huku kwetu nimeona chandarua cha mbu, kile cha kugawiwa na serikali, kimeshonwa na kingine na kingine mpaka kimekuwa kokoro, kinakomba ufukweni vitu vyenye ukubwa wa ukucha. Ukimuuliza mwenyewe atasema watoto wanataka kula leo. Ni kweli, na hao samaki wa ukubwa wa ukucha walikuwa chakula cha watoto wale wale mwakani.

Wapo pia wasiokuwa na kiti mkutanoni. Mbuna hapigi kura. Aliyezaliwa mwaka 2060 hakusaini mahudhurio. Wahifadhi husema, na wana haki ya kusema, kwamba wao ni mawakili wa hao wasiokuwepo. Hoja hii siidharau. Nina shaka tu na wakili anayejiteua. Mtoto wa mwaka 2060 wa Jibondo ni mjukuu wa nani? Ofisa akisema anamtetea mtoto yule dhidi ya babu yake, anaweza kuwa sahihi, babu wapo wa kila namna. Lakini inampasa aeleze kwa nini yeye, anayehamishwa kituo kila baada ya miaka michache, amwelewe mtoto yule kuliko babu yake. Asiseme tu kwamba ana mpango.

Na kijiji si mtu mmoja. Hili tunaolitetea neno "wananchi" tunalikwepa. Mwenye nyavu na mwenye chombo ana hapana yake, baharia anayelipwa kwa mgao ana nyingine, mwanamke wa pweza ana ndiyo ambayo hakuna aliyemuuliza. Kwenye mkutano wa kijiji anayesimama kwanza ni mwenye chombo. Wengi watamfuata kwa sababu jana alimkopesha mmoja, na kesho atampa kazi mwingine. Nikisema "kijiji kimekataa" ninaweza kuwa nimesema kwamba tajiri wa kijiji kimoja kidogo amekataa kwa sauti kubwa.

Kwa hiyo sidai kwamba hapana ya kijiji ni neno la Mungu. Ninadai kitu kidogo zaidi, na nadhani kigumu zaidi: hapana lazima imgharimu mpangaji kitu. Imgharimu muda, imgharimu kurudi, imgharimu kubadilisha ramani au kueleza mbele ya watu, kwa sababu za kweli, kwa nini habadilishi. Mpango ambao matokeo yake ni yale yale kijiji kikikubali au kikikataa haukuuliza swali. Ulitoa tangazo lenye alama ya kuuliza mwishoni. Na kumuuliza mtu swali ambalo jibu lake halina kazi ni kumdharau kuliko kumwamuru, kwa sababu aliyeamriwa anajua aliposimama, lakini aliyeulizwa hivyo ameazimwa heshima kwa saa mbili kisha ikachukuliwa pamoja na viti vya plastiki.

Nikiyafikiria haya huwa narudi kwenye udongo, ndiko nilikokulia.

Mtu wa Mbinga akitaka kujigamba ataonyesha ngoro. Kwa wasioijua: mvua zinapoelekea ukingoni, mwezi Machi hivi, majani hufyekwa mteremkoni, yakikauka yakapangwa mistari ya kukatana kama vyumba vya daftari la hesabu. Halafu udongo wa katikati ya kila chumba unachimbwa na kuyafunika yale majani. Unapata matuta yenye mbolea ndani yake na shimo katikati linalokamata maji. Juu ya matuta maharage, msimu unaofuata mahindi. Kilima kimesimama kama ukuta lakini udongo hauteremki. Wamatengo wamelima hivi tangu karne ya kumi na tisa, kabla ya bwana shamba yeyote. Na usidhani ilikuwa hekima ya watu waliostarehe. Inasimuliwa kwamba vita vya Wangoni viliwasukuma babu zetu kwenye miteremko mikali, wengi mahali padogo, wakalazimika kubuni au kufa njaa.

Sasa linganisha na Uluguru. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliona udongo wa milima ile unateremka kwenda mtoni, jambo ambalo lilikuwa kweli. Ikaleta mpango wa matumizi ya ardhi, Waluguru wachimbe matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, udongo wa juu wenye rutuba ukafukiwa chini, mavuno kwenye ngazi hayakuonekana, na asiyechimba alipigwa faini. Mwaka 1955 watu walichoka. Kukawa na ghasia, mtu akauawa kwa risasi, na mpango ukaachwa. Lengo la ngoro na lengo la ngazi zile ni moja: udongo ubaki mlimani. Mwanasayansi akiyapima yote mawili kwa kiasi cha udongo unaobaki, atajaza jedwali lenye safu zile zile. Ila moja hakuna aliyelazimika kulilinda kwa askari.

Kuna mtu atasema tofauti ni kwamba ngoro ni ya asili na ngazi zililetwa. Siamini hivyo. Kahawa nayo ililetwa, miaka ya 1920, na leo huwezi kumtenganisha Mmatengo na kahawa. Tofauti ninayoiona mimi ni mahali penye hapana. Wazee wetu walikuwa na sengu. Ukoo hukusanyika kwa babu, chakula kinatoka kila nyumba, watu wanakula pamoja, na baada ya kula ndipo mambo yanasemwa: shamba la nani, kijana gani amekosea, mteremko upi upumzike. Aliyekula ameshakuwa na haki ya kusema. Ukimkatalia babu leo, kesho mnakula tena chungu kimoja, kwa hiyo hawezi kukupuuza na wewe huwezi kukimbia. Hapana yako inabaki mezani mpaka ipate jibu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine walipokuja Mbinga na wenzao wa Kijapani miaka ya 1990 waliiona sengu, na baadaye kamati za vijiji zikapewa jina hilo. Baadhi zilikwenda vizuri. Jina peke yake halipiki chakula, lakini angalau walianza kwa kuuliza watu hawa huwa wanaamuaje.

Nisiipambe sengu. Kwenye ngoro mwanamume hufyeka na kupanga majani. Anayechimba, kazi ya kuvunja mgongo, ni mwanamke. Na sengu ilikuwa baraza la nani? La wanaume. Mwanamke alileta chakula. Ukinitaka nikuambie kama bibi yangu alikuwa na hapana ya kuweka mezani pale, itabidi ninyamaze kwanza. Labda alikuwa nayo jikoni, usiku, kwa sauti ya chini, na asubuhi babu akaisema kama yake. Sijui kama hilo lihesabiwe.

Turudi ziwani, maana kuna jambo linalonikosesha raha. Nimekuwa nikiandika kana kwamba siku ikija hifadhi ya ziwa, watakaokuwa na la kukataa ni wale wa ufukweni, na mimi wa mlimani nitakuwa mtazamaji mwenye huruma. Lakini mbasa, samaki mkubwa wa fedha anayependwa kuliko wote, hazalii ziwani. Mvua zikianza anapanda mito, Ruhuhu na mingine, akatafute changarawe safi ya kutagia. Mito mingi ya upande wa magharibi wa milima yetu inashuka kwenye ziwa lile lile. Na kwenye vijito vyake, msimu wa kahawa, tunakoboa na kuosha. Maji yanayotoka mashineni yana utelezi na harufu ya chachu, yanarudi kijitoni, yanateremka. Mpango wowote wa ziwa wenye akili timamu hautaanzia Mbamba Bay. Utaanzia huku juu, kwetu, kwenye mashine za kukobolea, na utakuwa na sayansi upande wake.

Mwaka huu, msimu ulipokuwa umechanganya, nilimweleza mama yangu mdogo mambo haya. Ana miti ya kahawa iliyomsomesha kila mtoto wake, na mashine ya mkono kando ya kijito. Nikamwambia kwamba huenda siku moja waje watu na mpango, waseme maji ya kahawa yasiingie mtoni, yachimbiwe shimo mbali na kingo, kwa ajili ya samaki wa kule chini. Alikuwa anachambua punje, hakuinua uso. Akauliza samaki gani. Nikamwambia mbasa. Akasema mbasa anamjua, ni mtamu, ila bei yake siku hizi haishikiki. Akauliza hilo shimo atachimba nani. Nikasema sijui, nadhani mwenye mashine. Akaangalia mteremko wa nyuma ya nyumba, jiwe tupu mpaka juu.

"Na hao watu wakija," akasema, "watatuita kwenye mkutano?"

"Watawaita. Lazima washirikishe wananchi."

"Haya. Nitakwenda, nitasikiliza, soda yao nitakunywa." Akaendelea kuchambua. "Lakini nikikataa, mwanangu, wataandika nimesema nini?"